Ukienda Quds (Yerusalemu) au Bethlehemu, tenga siku ya kuwatembelea akina mama

Kibao cha mlangoni kwa akina mama wa Kipalestina kitakuwa kimeandikwa kwa Kiarabu: jam'iyya. Ni neno letu lilelile, jumuiya, na ukiingia ndani utakuta mambo unayoyajua. Kuna cherehani, kuna masufuria makubwa, kuna viatu vidogo vimepangwa nje ya darasa la chekechea, na kuna mama mmoja anayeshika funguo za kila chumba.

Mahujaji wetu wengi hawafiki hapo. Wakristo huiona Bethlehemu kwa saa mbili tatu: nyota ya fedha chini ya Kanisa la Kuzaliwa, duka la vinyago vya mzeituni, kisha basi. Waislamu tunaopitia Jordan kwenda kuswali al-Aqsa huishia ndani ya kuta za mji mkongwe. Tangu Oktoba 2023 wageni wamepungua sana, hoteli na karakana nyingi za Bethlehemu zimekaa bila kazi, na mgeni mmoja anayefika leo anaonekana kuliko zamani.

Mimi nimefika mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa wanawake kumi na tisa kutoka Unguja na Tanga, na tulikosea mambo ambayo bado yananiuma. Mara ya pili nilikwenda na dada yangu tu, tukakaa kutwa nzima, tukaondoka tumeombwa turudi. Tofauti ya safari hizo mbili ni moja: mara ya pili tulikwenda siku waliyoitaka wao, tukafanya walichotuomba wao. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo.

Hatua ya kwanza: ijue jumuiya kabla ya kuiandikia

Usianze na swali la utapeleka nini. Anza kwa kujua unakwenda kwa nani.

Mfano ninaoupenda ni In'ash al-Usra ya mjini al-Bireh, mji uliogusana na Ramallah hadi mgeni hajui unapoanza na unapoishia. Jina lake maana yake ni kuihuisha familia. Aliyeianzisha mwaka 1965 ni Samiha Khalil, mzaliwa wa Anabta, ambaye kila mtu alimwita Umm Khalil, kama sisi tunavyosema Mama Fulani. Fikra yake ilikuwa kwamba mwanamke aliyefiwa au aliyefungiwa mume apewe ujuzi na kazi, ili asiishi kwa kungoja kibaba cha unga. Wakaanzisha mafunzo ya ushonaji, udarizi, jiko, chekechea, ufadhili wa watoto, na makumbusho ya nguo na vyombo vya vijijini. Mwaka 1988, wakati wa intifada ya kwanza, yaani maasi ya Wapalestina, jeshi la Israel liliifunga jumuiya kwa amri. Haikufa. Mwaka 1996 Umm Khalil aligombea urais wa Mamlaka ya Palestina, mgombea pekee aliyesimama dhidi ya Yasser Arafat. Alifariki mwaka 1999 na kazi ikaendelea.

Kama hutatoka Quds, iko Dar al-Tifl al-Arabi katika mtaa wa Sheikh Jarrah. Aprili 1948 Hind al-Husseini alikuta mjini watoto 55 wa kijiji cha Deir Yassin, kijiji kilichoshambuliwa tarehe 9 ya mwezi huo, wazazi wao wengi wakiwa wameuawa. Akawachukua, akaigeuza nyumba ya babu yake kuwa makao yao. Leo ni shule ya wasichana, na pana makumbusho ya urithi wa Kipalestina. Na Bethlehemu kwenyewe, katika kambi za wakimbizi za Dheisheh, iliyoanza mwaka 1949, na Aida, iliyoanza mwaka 1950, kuna vituo vidogo vya akina mama na watoto ambavyo majina yao hayajafika kwetu.

Nimeeleza historia kwa urefu kwa sababu ndiyo itakayokuamulia utakavyokaa ukifika. Anayejua kwamba nyumba hii ilifungwa kwa amri ya jeshi na ikafunguliwa tena, hawezi kuingia akiwaonea huruma kama watu waliokaa wanangoja kuokolewa.

Tahadhari moja hapa. Kuna watu mitandaoni wanaojiita jumuiya za yatima wa Palestina na huku hawana mlango wala kibao. Ukiombwa utume fedha kwa jina la mtu binafsi hata kabla hujajibiwa ni siku gani ufike, acha.

Hatua ya pili: andika, kisha ngoja

Andika wiki tatu au nne kabla. Barua fupi inatosha: wewe ni nani, unatoka wapi, mko wangapi, mko mjini siku zipi. Kisha uliza maswali matatu. Siku gani haitawavurugia kazi? Mngependa tufanye nini tukiwa hapo? Kuna kitu msichotaka tukilete au tukiulize? Swali la tatu ndilo watakalolikumbuka, kwa kuwa wageni wengi hawaliulizi.

Ijumaa ni mapumziko, na ofisi nyingi hufungwa Jumamosi pia. Jumuiya za Kikristo za Bethlehemu hupumzika Jumapili. Watoto wa chekechea huwapo asubuhi. Wa shule huja baada ya adhuhuri. Ramadhani kazi huisha mapema, usiende kukaa juu ya watu waliofunga.

Kuhusu idadi, watu sita hadi wanane ni wengi wa kutosha. Kama kundi lenu ni basi zima, gawaneni kwa siku mbili, au chagueni wachache wawawakilishe wengine. Tulipoingia kumi na tisa katika vyumba vitatu, walimu walilazimika kuwatoa watoto uani ili sisi tupate pa kukaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wazee wetu. Siku ile tulimtoa mwenyeji nje.

Wakikujibu kwamba wiki hiyo haiwezekani, usiwabembeleze. Inawezekana barabara imefungwa, au kuna msiba, au kuna vijana wamekamatwa usiku. Hawana deni la kukueleza.

Hatua ya tatu: karatasi na njia

Palestina haina mpaka inaousimamia yenyewe. Ukitua uwanja wa Ben Gurion au ukivuka Mto Yordani kwa Daraja la Mfalme Hussein, wanaokagua pasipoti ni maafisa wa Israel, na sisi wenye pasipoti za Tanzania na Kenya tunahitaji viza mapema. Utapewa kikaratasi cha kuingilia badala ya muhuri. Kiweke ndani ya pasipoti na usikitenge nayo, kwa sababu utaulizwa vyote viwili njiani. Daraja huwahi kufungwa Ijumaa na Jumamosi, na kuna nyakati hufungwa ghafla. Gaza usiifikirie kabisa, hakuna njia ya hujaji kuingia.

Kutoka Quds kwenda al-Bireh, nenda kituo cha mabasi cha Waarabu karibu na Bab al-Amud, lango ambalo ramani nyingi huliita Lango la Damascus, upande basi namba 218 la Ramallah. Linapita kizuizi cha ukaguzi cha Qalandia. Kwenda, mara nyingi basi halisimamishwi. Kurudi ndiko kwenye kazi: abiria wanaweza kuteremshwa, wakapita kwa miguu kwenye vyuma vya kuzunguka, mmoja mmoja, na pasipoti mkononi. Jipe saa mbili za akiba, na usipige picha hapo hata kidogo.

Ukiwa umelala Bethlehemu njia ni nyingine. Utapanda gari la njano la abiria, wao huliita servees, dada yake daladala na matatu: lina njia yake, huondoka likijaa, na nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji ikarudi vivyo hivyo. Kwenye ramani Bethlehemu na Ramallah zinatazamana, Quds ikiwa katikati. Lakini gari lenye namba za Kipalestina haliruhusiwi kuingia Quds, kwa hiyo mtazunguka kwa Wadi al-Nar, Bonde la Moto, barabara ya kupanda na kuteremka inayochosha tumbo. Usilale. Tazama nje, kwa sababu jirani yako kwenye kiti anaipita njia hiyo kwenda kazini na hospitali.

Asubuhi ya safari wapigie simu wenyeji kabla hujatoka. Wao wanajua kizuizi kipi kimefungwa kuliko habari yoyote utakayoisoma. Neno lao la "leo msije" ndilo la mwisho.

Hatua ya nne: mlangoni

Mavazi ni yale ungeyavaa kwenda kumjulia hali bi mkubwa: yasiyobana, mikono na miguu imefunikwa. Mtandio si lazima kwa asiyeuvaa. Mwanamume asitangulize mkono kwa mwanamke. Angoje, mwenyewe akinyoosha ampokee.

Salamu zitakuchanganya kidogo. Wao husema marhaba kumwamkia yeyote. Sisi tuliolelewa na shikamoo, sikio hushtuka kusikia mtoto wa miaka mitano akikuambia marhaba kabla hujamwamkia. Mjibu marhabtein, marhaba mbili, naye atafurahi. Ukisikia tfaddali ujue hakuna anayekuomba kitu kama tafadhali yetu. Unakaribishwa, uketi au uchukue. Na aliyekupikia au kukushonea mwambie yislamu ideki, mikono yako isalimike. Maneno hayo mawili yalitufungulia nyuso kuliko hotuba yote ya kiongozi wetu wa msafara.

Kahawa itakuja kabla ya maneno. Kikombe cha kwanza usikikatae. Ikiwa ni ile chungu isiyo na sukari, ukishatosheka kitikise kikombe kidogo unapokirudisha. Baadaye utaletewa chai yenye majani ya maramiya, na kama jumuiya ina jiko, huenda mkaandaliwa maqluba: wali, nyama na mbilingani vimepikwa sufuria moja, kisha sufuria inapinduliwa juu ya sinia mbele ya wageni. Kama mlikubaliana mle hapo, lipieni chakula. Jiko hilo ni mshahara wa mtu.

Hatua ya tano: watoto

Hapa naomba usome polepole.

Safari ya kwanza tulibeba mfuko wa peremende na simu zetu. Tulipofika uani tukawapanga watoto mstari, kila mmoja anapewa mbili, na mwenzetu anapiga picha. Mratibu wa kituo, mama wa makamo aliyezungumza kwa upole sana, akaja akaweka kiganja chake mbele ya simu. Hakufoka. Alisema, "Hawa wakirudi nyumbani wataulizwa leo mmejifunza nini. Watasema tumepigwa picha." Nilitamani ardhi inimeze.

Kuna sababu nyingine zaidi ya heshima. Katika Ukingo wa Magharibi mtoto wa Kipalestina anaweza kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi tangu akiwa na miaka 12. Picha yenye uso, jina na mahali, ikisambaa, haiko mikononi mwako tena. Kwa hiyo sheria yangu sasa ni hii: simu inabaki mkobani. Kama wenyeji wenyewe wanataka picha, wao waamue nani, wapi, na kama wazazi wameridhia kwa maandishi. Mikono inayochora au ukuta wenye michoro unatosha kuwasimulia wa nyumbani.

Usimuulize mtoto baba yake yuko wapi. Usimuulize amesikia nini usiku. Usimuulize kuhusu jamaa zake wa Gaza. Walimu wamefanya kazi ya miezi kumfanya mtoto yule alale bila kushtuka, na swali lako moja lenye nia njema linaweza kuivuruga. Akisimulia mwenyewe, sikiliza, usimkatishe, usilie mbele yake mpaka yeye akawa ndiye wa kukubembeleza. Kisha mweleze mwalimu.

Jambo la kufanya ni kucheza. Safari ya pili dada yangu alikusanya mawe matano uani akaanza mdako. Hakufika raundi ya pili kabla ya wasichana wanne kukaa chini kumzunguka, maana nao wana mchezo wa mawe matano, ila mkono wanaugeuza tofauti. Wakambishia. Wakamfundisha wa kwao. Saa nzima ikapita bila lugha moja, na hakuna aliyetoa wala aliyepokea kitu. Peremende, madaftari na rangi tulizibeba tukaziacha ofisini, wazigawe wenyewe siku tukiwa hatupo.

Hatua ya sita: sindano, na bei yake

Mama yangu alishona kofia. Wanaojua kofia za Unguja na Lamu wanajua maana yake: vitundu vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, usiku baada ya kazi za nyumba, miezi hadi kofia moja ikamilike. Kisha anakuja mtu na kusema, punguza.

Chumba cha udarizi kilinirudisha barazani kwetu. Tatriz yao ni mishono midogo ya msalaba, inahesabiwa kwa nyuzi za kitambaa, bila kuchora kwanza. Wazee wa pwani wanalijua neno taraza, ukingo unaofumwa kwenye nguo; ni jamaa ya neno hilo. Mama anachukua kitambaa na nyuzi jumuiyani, anadarizi nyumbani huku akiangalia chungu na watoto, anarudisha, analipwa kwa kipande. Ndivyo kofia zilivyokuwa zikienda kwa mawakala wetu, ila hapa wakala ni jumuiya yao wenyewe.

Omba uelezwe nakshi. Kabla ya 1948 gauni la mwanamke lilimtambulisha ametoka sehemu gani: kuna miberoshi, kuna nyota, kuna miezi, kuna nakshi iitwayo hema la pasha. Bethlehemu ilikuwa na namna yake ya kulaza uzi wa hariri na wa dhahabu juu ya nguo, si kuhesabu misalaba. Wakati wa intifada ya kwanza, bendera ya Palestina ilipokuwa marufuku, wanawake walidarizi rangi zake na ramani vifuani mwao, wakatembea nazo. Sisi wenye kanga hatuhitaji kufafanuliwa kwamba nguo husema. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza tatriz katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa bei. Usiombe punguzo. Mto mdogo utaonekana ghali ukiulinganisha na ule wa sokoni uliodariziwa kwa mashine. Ugeuze upande wa nyuma, utazame mafundo, uulize umechukua siku ngapi. Kama fedha haitoshi, nunua kialama cha kitabu au kipochi, ulipe bei yake kamili. Beba shekeli taslimu. Dola hupokelewa mara nyingi lakini chenji husumbua, na kadi usizitegemee. Chukua risiti. Zaatari na mafuta ya zeituni ni zawadi nzuri za kurudi nazo, na mafuta yaende kwenye sanduku la mizigo, si mkobani.

Hatua ya saba: mchango

Toa ofisini, kwa mhasibu, uandikiwe risiti. Usimpe mama mmoja noti mbele ya wenzake, hata akiwa amekugusa moyo kiasi gani; ukitoka utakuwa umemwachia maneno. Nguo za mitumba usibebe isipokuwa wameomba.

Jumuiya nyingi zina mpango wa kumfadhili mtoto kwa mwezi, wao huuita kafala, neno ambalo misikitini kwetu linafahamika vizuri. Kabla ya kuingia, piga hesabu ya kipato chako kwa mwaka mzima, wala usiipige kwa machozi ya siku ile. Mtoto aliyefadhiliwa miezi minne kisha akaachwa huona kuachwa huko ni kwake yeye. Heri kiasi kidogo kisicho na jina la mtoto, kikaingia kwenye mfuko wa jumla.

Na usiahidi. Usiseme "nitawatafutia wafadhili" wala "nitarudi mwakani" kwa sababu tu kimya kimekuwa kizito.

Hatua ya nane: kutoka na kurudi nyumbani

Uwanjani au darajani unaweza kuulizwa ulikwenda wapi na kwa nani. Sema kweli, kwa kifupi: nilitembelea jumuiya ya akina mama, nilinunua udarizi, risiti hii. Usitaje majina ya watu ambayo hukuulizwa, na usiyaache yameandikwa kwenye daftari ovyo. Darajani weka akiba ya ada ya kutoka.

Ukifika nyumbani, waandikie ndani ya wiki ya kwanza. Barua ya asante ya mistari mitano wataibandika ukutani, nimeziona. Simulia msikitini, kanisani, kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa, lakini simulia kazi zao kwanza: nakshi, jiko, darasa. Msiba wao watu wameshauona kwenye simu.

Na kama safari ijayo mtapeleka kanga, ambazo walizipenda kupita kiasi, pelekeni doti nzima, na jina la kanga mliandike kwa Kiarabu kwenye karatasi. Sisi hatukuandika. Yule mama mwenye funguo aliitandika mezani, akapitisha kidole juu ya maandishi kutoka kulia kwenda kushoto, akatuuliza inasema nini, na tukatumia nusu saa, watu saba, kumtafsiria maneno manne.